Chini ya Paka

Siku niliyokabidhi funguo za karakana, ninyi vijana mliniletea keki iliyoandikwa RISPA kwa sukari ya waridi, na ile R ilikuwa imelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Niliiona R kabla sijaiona keki. Nilinyamaza, nikala, nikashukuru, lakini naomba ieleweke kwamba niliona. Mliponisihi niwaandikie kumbukumbu za miaka yangu ya kuchora mabango na nembo, nikakubali, maana mtu akistaafu halafu akakaa kimya, majirani humdhania mgonjwa. Vyeo sitavitaja. Karakana yenye watu wanne, kila mmoja ni mkurugenzi wa kitu fulani. Mshahara nao tuuache ulale.

Nilianza Kitale, punde tu nilipomaliza shule, kwa fundi mmoja aitwaye Barasa. Nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na mpango wowote, kwa hiyo mjomba wangu alinishika mkono akanipeleka kwake. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya maghala ya mahindi. Msimu wa mavuno, malori yalipokuwa yakipakua, pumba ziliruka na kutua kwenye rangi mbichi. Mpaka leo ukipitisha kidole juu ya bango kuukuu la Kitale ukahisi chenga, jua hilo ni la Barasa.

Siku ya kwanza alinipa debe la mafuta ya taa na brashi zake zote, akasema, "Osha." Nikaosha mpaka vidole vikakunjamana. Nilipomuuliza nitaanza lini kuandika, alinitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya.

"Hizo brashi bado hazikujui," akasema. "Wewe unataka kumshika mtu mkono na hamjasalimiana?"

Siku iliyofuata alinituma nikakae kwenye kisiagi kimoja ambacho mwenyewe alitaka bango. Nisichore, nisiulize, nikae tu nitazame wanaokuja kusaga. Jioni nilirudi mweupe kwa unga, hata nyusi.

"Umeona nini?"

"Watu wanasaga mahindi."

"Rudi tena kesho."

Kesho yake ndipo nilipoona. Wengi waliokuja walikuwa wanawake waliojitwika debe kichwani, na mtu mwenye debe kichwani hatazami juu. Mwenye kisiagi alitaka bango lake lipande juu ya paa, labda lisomwe na malaika. Barasa alilichora chini, kando ya mlango, usawa wa kifua. "Bango ni la anayekuja, si la mwenye duka," aliniambia. Kauli hiyo nimewarudia wateja mara nyingi mno, hadi mume wangu akawa anaisema usingizini.

Msichana juu ya ngazi lilikuwa jambo la kusimamisha watu Kitale. Mke wa Barasa alinishonea suruali kutoka kwenye koti kuukuu la mumewe, nene ajabu, nzuri kwa baridi ya asubuhi. Mhubiri mmoja wa sokoni alinihubiria kutoka chini ya ngazi karibu wiki nzima kuhusu wanawake na suruali. Alipomaliza mahubiri aliuliza kama ningeweza kumchorea kibao cha kanisa lake. Nilimchorea, nikiwa nimevaa suruali ile ile, na njiwa wangu wa kwanza akatoka akifanana sana na bata. Waumini walimpenda. Nasikia yupo bado.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: uzi uliopakwa chaki wa kupigia mistari, mkaa wa kuchorea mchoro wa kwanza, brashi za nywele ndefu, na kitambaa chenye mafuta ya taa kilichoning'inia kiunoni. Ninyi mnabonyeza kitufe na kosa linatoweka. Sisi kosa tulilifuta kwa kitambaa na kwa aibu, mwenye duka akiwa amesimama chini ya ngazi akiuliza, "Ati hiyo sasa ni nini?" Barasa alinifundisha kutoshuka ngazi haraka nikiulizwa hivyo. Ukishuka haraka, mteja anajua una wasiwasi, na akishajua hivyo ataomba kila kitu kiwe chekundu.

Ndoa ilinihamishia Bungoma, na huko nikafungua karakana yangu. Nyakati zilikuwa zimebadilika. Watu hawakutaka bango tu. Walitaka nembo ya kuweka kwenye bango, kwenye fulana, kwenye mlango wa pikapu na kwenye kalamu za kugawia wageni harusini. Kompyuta ilipofika niliiogopa kama ng'ombe mgeni, nikaizunguka kwanza, nikaigusa, nikaizoea. Mashine ya kukata stika nayo ilinikata mimi kabla ya kukata chochote. Kovu mnalijua.

Shule moja ya upande wa Bokoli iliniomba beji mpya. Bodi ilitaka kitabu, mwenge, jembe, ng'ombe, jua na Mlima Elgon, na kila mjumbe alikuwa akikitetea chake. Nikachora vyote kama walivyotaka, beji ikajaa kama soko la Chwele. Basi nikawatoa nje uwanjani, nikampa kila mmoja kijiti, nikawaambia wachore ile beji mchangani bila kuitazama. Hakuna aliyemfikia ng'ombe. Tulirudi ndani tukabaki na mwenge na mlima, tukanywa chai. Mjumbe aliyemtetea ng'ombe hakunisalimia vizuri kwa muda mrefu, lakini kile kijiti nilibaki nacho. Kila nembo iliyotoka mkononi mwangu baada ya hapo ilipitia mchangani kwanza.

Kulikuwa pia na seremala wa majeneza kule Myanga aliyetaka nembo yenye tabasamu, kwa sababu washindani wake wote walikuwa na msalaba. Tulivutana siku nyingi. Mwishowe nilimchorea mtu na randa yake, ametulia, hacheki wala halii. Alifurahi hata akaniahidi kunihudumia bure siku nikihitaji. Nilimshukuru, nikamwambia asiharakishe.

Lakini najua mnachotaka kusikia ni habari za Paka.

Pale mjini Bungoma kuna duka la vifaa vya ujenzi na vya shamba la familia moja ya Kisikhi iliyokaa hapa vizazi vingi. Jina lake rasmi ni refu, la mwanzilishi na wanawe, na hakuna mtu anayelitumia. Watu wote, hata wa Chwele na Myanga, husema "kwa Paka." Juu ya mlango, kwenye ukuta wenyewe, amechorwa mnyama wa manjano mwenye masharubu. Huyo ni simba, au tuseme alikusudiwa kuwa simba. Alichorwa na Barasa akiwa kijana mdogo, kazi yake ya kwanza kabla hajahamia Kitale. Mwanzilishi wa duka aliagiza simba, na Barasa hakuwa amewahi kumwona simba hata kwenye picha. Akamwazima paka wa dukani, akamkalisha juu ya gunia, akamchora, kisha akamzungushia shingoni manyoya mfano wa nywele za mahindi. Jicho moja lilitoka kubwa kuliko jingine kwa sababu paka alichoka kukaa. Mwenye duka alimtazama, halafu akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Muache," akasema. "Angalau panya wataogopa."

Barasa alikuwa akinisimulia kisa hicho kila mvua ilipotuzuia kufanya kazi. Alipofariki, mabango yake yalianza kutoweka moja baada ya jingine, yakifunikwa na mabango ya plastiki, na mengine niliyafunika mimi mwenyewe kwa sababu ndiyo kazi. Hapa Bungoma, Paka peke yake ndiye aliyebaki. Nilipokuwa na haraka nilipita njia nyingine. Nilipokuwa na huzuni nilipita kwa Paka, nikalitazama lile jicho, nikaendelea na safari yangu nimechangamka.

Mwenye duka siku hizo alikuwa Mzee Harbans, mtoto wa yule mwanzilishi, mtu wa ndevu nyeupe na Kibukusu cha kumshinda mume wangu. Mchana kutwa alikaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango, chini ya Paka, akisalimia wapita njia. "Mulembe! Watoto ni wazima?" Mjukuu wake Jaspreet, ambaye sote tunamwita Jas, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na ndiye aliyeendesha kazi. Jas ni kijana mwema, nisije nikamchora vibaya. Alikuja karakana, akaketi juu ya debe la rangi, akafungua moyo.

"Auntie Rispa, nisaidie bana. Naenda kuona mkandarasi, natoa kadi yangu, ananiuliza, 'Si wewe ni ule wa Paka?' Ofisi mzima inacheka. Tukitaka kazi kubwa lazima tukuwe siriasi kidogo."

"Unataka nini?"

"Herufi moja tu. Ya kijivu. Basi."

"Na Paka?"

Akakuna ndevu zake changa. "Paka ameshafanya kazi yake, Auntie. Si hata yeye apumzike?"

Nilifanya kama Barasa alivyonifundisha: nilikwenda dukani nikakaa. Nilikaa ndani, nyuma ya kaunta, karibu na Jas, nikiwatazama wanunuzi wa misumari na seng'enge. Hakuna aliyemtaja Paka. Nikachora herufi, na ilikuwa herufi nzuri, sina haya kusema hivyo. Tuliitengenezea bango la chuma la kufunika ukuta wote wa juu ya mlango. Tatizo lilikuwa moja. Bango lile lilihitaji boliti, na lipu ya ukuta ule ilikuwa imezeeka, ukiitoboa ingemomonyoka. Shimo moja lilipangwa kupita katikati ya lile jicho kubwa. Paka asingefunikwa tu. Angekufa.

Nilimweleza Mzee Harbans waziwazi. Aliinua uso akautazama ukuta, akauteremsha.

"Ukuta ni wa vijana sasa," akasema. "Fanyeni vile mnataka."

Akachukua kikombe chake cha chai, akapanda ghorofani kwake, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye benchi. Jas alisema Babu atazoea. Alilisema hilo akitazama viatu vyake.

Jas alitaka uzinduzi wa heshima. Duka likafungwa ili lipakwe rangi, na ukuta wa mbele tukaufunika kwa karatasi nyeusi ya nailoni, kusudi nembo mpya ionekane kwa mara ya kwanza mbele ya wageni. Hema likaletwa, na viti vya plastiki. Wapishi wakainjika masufuria makubwa uani, ya chai na ya pilau. Mwenye hema, ambaye mteja wake wa katikati ya wiki huwa ni mfiwa, hakuuliza neno. Alifunga riboni zake za zambarau za matanga kwenye nguzo kama kawaida, akaenda zake.

Sasa simameni barabarani mtazame, kama ambavyo Barasa angetaka mtazame. Duka limefungwa. Ukuta umefunikwa nyeusi. Hema na viti viko tayari, moshi wa kuni unapanda kutoka uani, na mzee wa ndevu nyeupe hajaonekana kwenye benchi lake siku kadhaa. Kwetu Bungoma hakuna mtu anayehitaji kuelezwa maana yake. Siku nyingine watu wangepiga simu kwanza kuuliza. Lakini kila mtu anajua kwamba familia hizo hazikai na mwili. Huuchoma mapema, na ukichelewa hutamkuta mtu wako. Kwa hiyo kila aliyesikia alikimbia kwanza, akapanga kuuliza akifika.

Asubuhi ya uzinduzi nilikuwa juu ya ngazi, ndani ya ile nailoni, na drili mkononi. Kazi hiyo nilikuwa nimeiahirisha mpaka visingizio vikaniishia. Mara kekee ilikuwa butu, mara mvua, mara goti langu, na goti langu halikuwa na shida yoyote. Sasa tulikuwa uso kwa uso, mimi na Paka. Niliweka ncha ya kekee juu ya jicho. "Fundi Barasa, unisamehe," nikasema kwa sauti. Nilikuwa karibu kulia, na nasema hivyo bila aibu. Kidole kilikuwa kwenye kitufe niliposikia mayowe barabarani.

"Uuwi! Papa wetu! Uuuwi!"

Nilichungulia kwenye upenyo. Mama Nasimiyu, anayeuza nafaka soko la Chwele, alikuwa akishuka kutoka kwenye bodaboda na kuku kwapani. Nyuma yake walikuja wengine, wanawake wenye unga na kuni, wanaume wameshika kofia mikononi. Jas alitoka uani mbio, kipaza sauti cha uzinduzi mkononi, na Mama Nasimiyu akamkumbatia yeye na kuku pamoja.

"Pole sana, kijana. Tumefika mapema ama mmeshachoma?"

"Kuchoma nini, Mama? Hatuchomi, ni pilau tu."

Mama Nasimiyu akarudi nyuma hatua moja, akamtazama usoni kwa huruma. Nadhani aliona kijana amechanganyikiwa kwa uchungu. Akamkalisha kitini kwa nguvu. Kabla Jas hajapata neno la kusema, mtu mmoja wa Myanga aliyevaa koti refu alikuwa amesimama katikati ya hema, akaanza kusema juu ya marehemu.

"Mimi nilipotea kwa hii soko nikiwa hivi," akasema, akionyesha usawa wa goti. "Mamangu alikuwa ameniambia, ukipotea usifuate mtu. Tafuta paka ya manjano, kaa chini yake, ngoja. Basi nikakaa hapo kwa benchi, nalia. Huyu mzee akatoka, akanipatia switi. Akaniuliza, mama yako anaitwa nani? Mimi sijui. Nikamwambia, anaitwa Mama." Akapangusa pua. "Akaniambia, 'Mama? Huyo namjua. Atakuja.' Na akakaa na mimi mpaka akakuja."

Watu walicheka huku wakilia, kama inavyokuwa kwenye matanga mazuri. Mama Nasimiyu akadakia akiwa ameketi. "Mimi watoto wangu wote wamepotea hapa. Yule kitinda mimba alikuwa anapotea makusudi, juu ya switi!"

Nilikaa kule juu, drili imetulia mapajani, nikaelewa nilikokosea kukaa. Nilikuwa nimekaa ndani nikitazama wanaonunua. Benchi lilikuwa nje. Wateja wa Paka hawakuwa wa misumari. Walikuwa wafupi kuliko kaunta, na hakuna kati yao aliyejua kusoma. Hakuna mtoto ambaye angeambiwa na mama yake, "ukipotea katafute herufi ya kijivu."

Nilitaka kushuka. Nilipogeuka, kiwiko kikagonga nailoni, na mtu akapiga kelele, "Karatasi inatingika!" Viti viwili vikaanguka. Nikatoa kichwa nje, nywele zimejaa vumbi la lipu, nikasema "Mulembe" kwa sababu sikuweza kufikiria neno jingine, na hilo halikumtuliza mtu yeyote. Ni katika makelele hayo ambapo mlango wa ngazi za ghorofani ulifunguka, na Mzee Harbans akatokea, kilemba kimefungwa vizuri, kikombe mkononi.

Mayowe yakakatika. Hata kuku alinyamaza.

"Mulembe," akasema Mzee. "Nani amekufa?"

Mama Nasimiyu ndiye aliyekuwa na moyo wa kujibu.

"Ni wewe, Papa."

Mzee alilitafakari jambo hilo. "Lini?"

"Tunasikia ni juzi."

Akatazama hema, riboni za zambarau, unga, kuni, nyuso zilizolowa. Kisha akatembea polepole mpaka kwenye benchi lake, akaketi, akaweka kikombe kando.

"Basi endeleeni," akasema. "Mtu hapati nafasi ya kusikia yake."

Na waliendelea! Nani angekataa? Kila mtu alisimama akasema lake, na Mzee akawa anawasahihisha. "Hapana, wewe ulilia siku nzima." "Wewe ulikojoa kwa benchi, nakumbuka." Yule mtu wa koti refu alicheka mpaka akaketi chini. Jas alikuwa amesimama kando, kipaza sauti kimening'inia mkononi. Baadaye alikiinua, sauti yake ikatoka ndogo.

"Nani mwingine amewahi kukaa kwa hii benchi?"

Mikono ikainuka. Ya wanawake, ya wanaume wenye mvi, ya dereva wa bodaboda aliyemleta Mama Nasimiyu. Mpishi mmoja aliinua mwiko kutoka uani. Mwenye hema, aliyerudi kuona kama viti vinatosha, aliinua wake pia. Na mimi nikainua kutoka juu ya ngazi, kwa niaba ya binti yangu, maana nilikuwa nimesahau kabisa ile siku ya sikukuu aliponiponyoka sokoni, na mahali nilipokwenda kumtafuta moja kwa moja bila kufikiri.

Jas akaenda akaketi kando ya babu yake.

"Babu, si ungeniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unakaa nao hapa ukiwa mdogo. Ulikuwa unawamalizia switi yao."

Jas akacheka, akajipangusa macho kwa mkono wa shati lake jipya la uzinduzi. Kisha akainua uso.

"Auntie, umeshatoboa?"

"Bado."

"Shuka."

Sijawahi kushuka ngazi haraka namna ile, Barasa anisamehe kwa hilo pia. Tulivuta nailoni, mimi upande huu, Jas upande ule, na Paka akatokea na masharubu yake yote, na makofi niliyoyasikia siku hiyo hakuna nembo yangu yoyote iliyowahi kuyapata. Pilau ililiwa mpaka ukoko. Mama Nasimiyu alikataa kumrudisha kuku wake, akisema kuku aliyeletwa kwa machozi hawezi kurudishwa kwa gari. Alimkabidhi Mzee mkononi, na kuku huyo akaishi uani kwa Paka akinenepa.

Kazi ya Jas niliimaliza kwa njia nyingine. Nilimchukua Paka wa Barasa nikampunguza mistari mpaka ikabaki ile isiyopunguzika: masikio, masharubu, nywele za mahindi, na jicho moja kubwa kuliko jingine. Nilimpa Jas kijiti, akamchora mchangani mara ya kwanza bila kukosea. Yupo sasa kwenye kadi, kwenye lori na kwenye kofia za wafanyakazi. Yule mkandarasi bado anacheka. Lakini anacheka akiwa tayari ameshapiga simu, kwa sababu jina halimtoki akilini. Lile bango la herufi ya kijivu nililibeba nyumbani nikalifanya mlango wa banda. Kuku wangu wana nembo ya kisasa kuliko kampuni yoyote magharibi ya Kenya.

Mnajua kwamba mwaka huu, kabla tu ya keki yenu, Mzee Harbans alifariki kweli. Alilala na hakuamka, mtu aliyeshiba siku zake. Simu yangu haikunyamaza asubuhi ile. Watu wa Chwele, wa Myanga, wa Webuye, wote swali lao lilikuwa moja: "Mama Rispa, ni kweli ama ni rangi tena?" Nilipomjibu Mama Nasimiyu kwamba safari hii ni kweli, alisema, "Lakini huyu tulikuwa tumeshamwambia yote." Na hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye.

Jas alinipigia akaniomba nije na karatasi nyeusi nimfunike Paka, kwa heshima ya Babu. Nilikwenda. Ilikuwa siku ya soko na barabara ilijaa watu, wa sokoni na wa msibani, hujui nani ni nani. Niliegemeza ngazi, nikapanda na nailoni begani, nikafika usawa wa lile jicho. Kisha nikasikia kwikwi chini yangu.

Kwenye benchi tupu la Mzee alikuwa ameketi mtoto wa kike, kandambili moja mguuni, nyingine haijulikani ilipo. Alikuwa analia kwa utaratibu, kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo na anasubiri. Niliitazama ile karatasi, nikamtazama Paka, nikashuka nikaikunja, nikaitia garini. Kwa hiyo kazi yangu ya mwisho, vijana, ni hii ambayo sikuifanya, na ndiyo ninayotaka mnikumbuke nayo.

Jas alikuwa ametoka mlangoni, amevaa nguo zake nyeupe za msiba, macho mekundu. Hakuniuliza kwa nini nimeshuka. Alirudi ndani, akaja na switi, akaketi kwenye benchi mahali pa babu yake, akamuuliza yule mtoto mama yake anaitwa nani.

"Mama," akasema mtoto.

Jas akamfungulia switi.

"Mama?" akasema. "Huyo namjua. Atakuja."